Upepo wa kaskazini hutoka wapi

Ujumbe uliingia saa kumi na mbili na robo asubuhi, nikiwa nachemsha maji ya chai nyumbani kwangu Kirumba, Mwanza. Ulitoka kwa baba mdogo, ambaye ana mitumbwi minne ya dagaa kule Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Yeye hakusoma Kiingereza. Mtu alikuwa amemtumia picha ya programu ya hali ya hewa kwenye simu, naye akanitumia mimi pamoja na sauti: "Mwanangu, umeamkaje? Hebu tusomee hapa, wanasemaje hawa." Palikuwa na maneno matatu, "strong northerly winds", na chini yake muda: kuanzia saa nane mchana.

Wakati huo nilikuwa na miaka 16 kwenye kazi ya kufundisha Kiingereza. Kamusi sikuigusa. Nikaandika haraka haraka, kijiko kikiwa mkononi: "Baba, wanasema kutakuwa na upepo mkali wa kuelekea kaskazini, kuanzia saa nane. Muwe makini." Nikanywa chai, nikaenda kazini.

Vijana wake siku hiyo walikuwa kwenye kisiwa kidogo cha mawe kilichoko mbele ya Igombe, ambako hupiga kambi kipindi cha giza, maana dagaa huvuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi. Asubuhi walikuwa wameshusha mzigo na kuuanika juu ya vichanja. Walipopata maneno yangu walipiga hesabu ambayo mvuvi huipiga bila kalamu: upepo unaelekea kaskazini, kwa hiyo unatoka kusini, upande wa nchi kavu, basi vyombo vihamie kaskazini ya kisiwa, mawe yatavikinga. Baadaye niliambiwa kwamba nahodha mmoja alisita. Mchana, alisema, upepo wa huku hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku ndipo hugeuka. Iweje leo utoke nchi kavu saa nane? Wenzake wakamjibu kwamba mwalimu ameandika. Wakavihamisha vyote vinne.

Upepo ulikuja saa nane na nusu, ukatoka kaskazini. Kwa sisi tulioko ufukwe wa kusini, huo ndio upepo wa kuogopwa, kwa sababu nyuma yake kuna maji matupu na wimbi linapata nafasi ya kukua kadiri linavyotembea. Mtumbwi mmoja ulipigizwa kwenye mawe hadi mbavu zikakatika. Injini moja ilizama, wakaitoa kesho yake ikiwa imejaa mchanga. Vichanja vya upande ule vilisombwa pamoja na dagaa wote. Watu walibaki salama, na hilo nalishukuru kila ninapokumbuka.

Jioni baba mdogo akapiga simu. Hakugomba. Alisema kwa sauti ya upole kabisa: "Mwanangu, ule upepo uliotuandikia haukuja. Umekuja mwingine."

Alidhani utabiri ndio uliokosea. Ilinibidi nimwambie kwamba utabiri ulikuwa sahihi, na hata saa yake karibu ilikuwa sahihi; aliyekosea ni mimi. Akanyamaza. Nilikuwa nasikia mawimbi nyuma yake. Kisha akaniuliza: "Kwani Waingereza upepo wanauitaje?"

Wanauita kwa ulikotoka. Hilo ndilo jibu, na ningelijua vizuri ningemwandikia sentensi nyingine. "Northerly wind" ni upepo unaotoka kaskazini kukujia wewe. "North wind" ni vivyo hivyo. "Southerly" hutoka kusini, "easterly" hutoka mashariki, "westerly" hutoka magharibi. Nililofanya mimi ni kuutazama mwisho wa neno, ule "-erly", nikauchukulia kuwa ni sawa na "-ward". "Northward" ni kuelekea kaskazini, haina mjadala: ndege anayeruka northward anakwenda kaskazini. "Northbound" nayo ni ya vyombo vya safari na barabara. Treni inayotoka Tabora kuja Mwanza ni northbound, na ile inayorudi ni southbound. Hizo mbili hazijawahi kumdanganya mtu.

"Northerly" ndiyo yenye nyuso nyingi. Mtu akitembea "in a northerly direction" anakwenda kaskazini. Upepo ukiwa northerly unatoka kaskazini. Herufi ni zile zile, ila nomino inayofuata imegeuza safari nzima. Halafu kuna uso wa tatu: "the most northerly village" ni kijiji kilichoko kaskazini kuliko vingine vyote, na chenyewe hakiendi popote wala hakitoki popote. Vitabu vingi nilivyofundishia vinaziweka "northern", "northerly" na "northward" kwenye mstari mmoja kana kwamba ni mapacha watatu, mwanafunzi achague ile inayomfurahisha. Naona hilo ni kosa kubwa, na nimelitenda mwenyewe ubaoni mara nyingi.

Wanamaji wa Kiingereza wana utaratibu mwingine unaoongeza uzito. Upepo huutaja kwa unakotoka, lakini mkondo wa maji huutaja kwa unakokwenda. Kwa hiyo "westerly wind" na "westerly current" zinapishana: upepo unatoka magharibi, maji yanakwenda magharibi. Mwanzoni nilichukia. Nilipofikiri zaidi nikaona ina mantiki ya mtu aliye ndani ya chombo. Upepo unakujia, kwa hiyo unauliza umetoka wapi ili ujue pa kujikinga. Maji yanakuchukua, kwa hiyo unauliza yanakupeleka wapi.

Lililoniuma kuliko yote ni kwamba jibu nilikuwa nalo mdomoni tangu nilipoanza kuongea Kiswahili. Kaskazini ni nini? Ni kaskazi na ile "-ni" tunayoiona kwenye nyumbani, sokoni na mwaloni. Kaskazi ni upepo wa pwani unaovuma tangu Desemba hivi hadi Machi, ukitoka kaskazini mashariki. Ndio uliokuwa unaleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi hadi Zanzibar na Kilwa. Kusi hushika zamu baadaye, ukitoka upande wa pili, na huo ndio uliowarudisha kwao. Watu wa pwani hawakwenda kutafuta majina mapya ya pande hizo mbili. Walisema tu: kule kwenye kaskazi, kule kwenye kusi. Kila ninapotamka kaskazini natamka kwamba upepo una kwao, na kwao ni kule unakotoka. Ningemwandikia baba mdogo "upepo wa kaskazini", maneno matatu kwa matatu, angeelewa sawasawa, kwa sababu Kiswahili na Kiingereza hapa vinakubaliana. Mimi nikajitia ujuzi wa kuongeza neno "kuelekea", neno ambalo kwenye Kiingereza halikuwepo.

Nilipomweleza hivyo, hakushangaa hata kidogo. Wao pale mwaloni huusema upepo kwa mahali: huu wa Ukerewe, huu wa Sengerema, huu wa mjini. Wa Ukerewe ni ule unaotoka Ukerewe. "Ungeutajaje?" akaniuliza. "Kwa unakokwenda? Unakokwenda kunanihusu nini, mimi nipo hapa."

Tangu hapo nimekuwa nikifundisha pande za dunia kwa namna nyingine, na nimegundua mambo ambayo miaka 16 yote nilikuwa nayapita tu.

Naanza na matamshi, kwa sababu sisi tuna bahati ambayo wengi hawana. "North" inaishia na th ya thamani. "Northern" ina dh ya dhahabu. "South" ni th, "southern" ni dh. Mfaransa hutaabika sana na sauti hizi. Kiswahili kimetupa zote mbili, tena kwa herufi tofauti. Shida yetu ni kwamba wengi wetu wa bara tunasema "zahabu" na "samani", kisha tunashangaa "northern" inatoka "nozan". Namwambia mwanafunzi: sema dhahabu vizuri kwanza, taratibu, ulimi uguse meno, sasa ipeleke dh hiyo hiyo kwenye "northern". Inatoka. Na kwenye "southern" kuna mtego mwingine, irabu nayo hubadilika: "south" ina "au" kama ya sauti, lakini "southern" husomwa "sa-dhen", ile "au" imetoweka. Wanaosema "sau-dhen" ni wengi, wakiwemo walimu wenzangu.

Kisha "north" na "northern" zenyewe. Huku kwetu mfano uko bandarini. Tuna Bandari ya Mwanza Kaskazini, ya abiria, na Mwanza Kusini, ile inayofikiwa na reli. Kwa Kiingereza ni Mwanza North Port na Mwanza South Port. Hapo "North" ni sehemu ya jina, imekaa kama jina la mtu, na herufi yake ya kwanza ni kubwa. "Northern" ni ya kueleza eneo ambalo mpaka wake haukuchorwa kwa rula: northern Tanzania, southern shore. Ukizikoroga unaweza kuhamisha nchi. Kila mwaka nasahihisha insha zinazosema "Tanzania is in South Africa", na mwandishi hakukosea jiografia. Alichotaka kusema ni kwamba tumo kwenye SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika. Hiyo ni "southern Africa". "South Africa" ni nchi moja, yenye Pretoria na Johannesburg. Kiswahili hutenganisha kwa mpangilio wa maneno, Afrika Kusini kwa nchi na kusini mwa Afrika kwa eneo, na Kiingereza hutenganisha kwa silabi moja tu, "-ern". Silabi moja, lakini inabeba nchi 16 za jumuiya.

Na vihusishi. Mwanza iko "in the north of Tanzania". Uganda iko "to the north of Tanzania". Ukisema Uganda is in the north of Tanzania umeshaitwaa.

Mengine nayapita upesi. Kaskazini na kusini hutangulia daima: "north-east", haiwi "east-north", kama sisi tunavyosema kaskazini mashariki. Waingereza hupenda kuweka kistari katikati, Wamarekani huunganisha. "Due north" ni kaskazini barabara, bila kupinda.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, ambalo lilinifanya nisilale siku nilipolielewa.

Mimi ni Msukuma. Kwa Kisukuma, sukuma ni kaskazini. Dakama ni kusini, kiiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi. Basukuma ni watu wa kaskazini, basi, hakuna zaidi. Kaskazini ya nani? Ya wale walioko kusini yetu, Wanyamwezi wa Tabora, ambao sisi kwa upande wetu tumekuwa tukiwaita Badakama, watu wa kusini. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa upande wa Maswa, alikuwa akisema kwamba Basukuma wenyewe ni sisi wa ziwani; yeye ni wa kiiya. Nikiwa mtoto nilidhani anakana kabila lake. Alikuwa anasema ukweli kama ulivyo: ukisimama Maswa, kaskazini ni kwingine na wewe u wa mashariki.

Nikaja kukutana na Norfolk. Ni jimbo la Uingereza, nimeliandika kwenye majaribio ya kusoma ramani mara nyingi bila kulitazama. "Nor" ni north, "folk" ni watu. Watu wa kaskazini. Chini yake kuna Suffolk, na hiyo ni south folk, watu wa kusini. Basukuma na Badakama, kabisa kabisa, jirani kwa jirani! Na ukiitazama ramani ya Uingereza, Norfolk haiko kaskazini mwa nchi hiyo hata kidogo. Iko mashariki, imetokeza baharini. Ni kaskazini kwa Suffolk tu. Wale watu walikuwa wa ufalme mmoja wa zamani, East Anglia, wakaitana kwa pande kama sisi na Wanyamwezi, kisha majina yakagandamana nao hata baada ya ufalme kwisha. Majirani zao nao ni hivyo hivyo: Essex ni Wasaksoni wa mashariki, Sussex ni wa kusini, Wessex wa magharibi. Norway ni njia ya kaskazini. Normandy ya Ufaransa ni nchi ya watu waliotoka kaskazini.

Siku nilipoandika Norfolk na Basukuma sambamba ubaoni, darasa la tuisheni lilikaa kimya kidogo, kisha binti mmoja aliyetoka Kisesa akasema, "Kwa hiyo mwalimu, sisi ndio Norfolk." Nikamwambia ndiyo, mwanangu, ndio sisi.

Kuna jozi nyingine inayofaa kuwekwa hapo. Austria na Australia zinachanganywa na kila mtu, na majina yake yanatoka pande mbili mbali kabisa. Austria ni umbo la Kilatini la jina la Kijerumani lenye maana ya milki ya mashariki. Australia inatoka kwenye neno la Kilatini "australis", la kusini, na hilo linatoka kwa "auster", ambao ni upepo wa kusini. Upepo ukazaa upande, upande ukazaa nchi. Kusi ikazaa kusini. Warumi na mabaharia wetu hawakukaa meza moja kukubaliana. Walikuwa wanasikia upepo tu.

Maneno yenyewe manne ya Kiingereza yana historia hiyo hiyo ya mtu aliyesimama nje asubuhi. "East" lina undugu wa kale na maneno ya alfajiri. "West" linahusishwa na maneno ya jioni, kama "vesper" ya Kilatini. Sisi tulichukua mashariki na magharibi kutoka Kiarabu, na huko pia ni mahali pa kuchomoza na mahali pa kuzama. Ndiyo maana swala ya jua linapotua inaitwa magharibi. "North" wataalamu wengi wa asili ya maneno hulihusisha na neno la kale la upande wa kushoto. Hili nililipenda sana kwa sababu linafanyika hapa hapa. Huwa natoka na wanafunzi nje asubuhi, wanageukia jua linapotokea, upande wa Igoma na Kisesa. Mkono wa kushoto uko Ilemela, uwanja wa ndege, Igombe. Kaskazini. Mkono wa kulia ni Mkuyuni, Butimba, Nyegezi. Mgongoni ni maji, na ng'ambo ya maji Sengerema, ambako jua litazama jioni. Mwanafunzi aliyesimama hivyo mara moja haandiki tena W mahali pa E.

Neno "orientation", ambalo kila anayeingia chuo hulisikia wiki ya kwanza, ni hilo hilo. "Oriens" ni jua linalochomoza, na kujielekeza kulikuwa ni kugeukia mashariki kwanza.

Lakini baadhi ya majina ya pande ukiyabeba hadi Mwanza hayasimami tena. Tunasema Mashariki ya Kati kwa sababu Kiingereza kinasema "Middle East", nacho kinapima kutoka Ulaya. Mwanza iko karibu nyuzi 33 mashariki ya Greenwich. Ukitoka hapa bandarini ukapanda moja kwa moja kaskazini bila kupinda, ukavuka Uganda, Sudan Kusini, Sudan na Misri, utafika Saiprasi; Jerusalem utakuwa umeiacha kidogo tu mkono wa kulia. Mashariki ya Kati kwetu ni kaskazini. Ndugu zetu Waislamu wanalijua hili bila ramani, kwani msikitini Mwanza mtu anaposimama kuelekea kibla anatazama kaskazini, akipinda kidogo tu mashariki. Na hizo nchi za Magharibi, "the West" yenye herufi kubwa, London na nyinginezo, kutoka hapa ziko kaskazini magharibi. Sisemi tubadilishe majina, yameshakaa. Nasema mwanafunzi wangu ajue kwamba "East" yenye herufi kubwa ni jina lililotolewa na mtu aliyesimama mahali fulani, na mahali penyewe hapakuwa Mwanza.

Ramani nayo imewafundisha Waingereza kusema "up north" na "down south", kwa kuwa kaskazini huchorwa juu. Mtoto akishaingiza hilo kichwani anataabika na Mto Nile. Maji ya ziwa letu, yaliyoko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, yanatokea Jinja na kwenda kaskazini hadi Bahari ya Kati. Yanashuka. Ndiyo maana "Upper Egypt" iko kusini mwa Misri na "Lower Egypt" iko kaskazini; waliotoa majina hayo waliufuata mto. Nilipolieleza hili mara ya kwanza kijana mmoja aliinuka akaigeuza ramani ya ukutani juu chini, akaitazama, akasema sasa maji yanaenda vizuri. Niliiacha hivyo hadi kipindi kiishe.

Na jua. Kwenye matangazo ya nyumba Uingereza utakuta "south-facing garden", bustani inayotazama kusini, nayo ni sifa ya kupandisha bei, kwa kuwa kule jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima. Kwetu, nyuzi mbili na nusu kusini ya ikweta, jua la saa sita mchana Juni liko kaskazini na Desemba liko kusini. Ukitafsiri sifa hiyo neno kwa neno msomaji wa Nyegezi hataambulia kitu. Mwandikie bustani inayopata jua.

Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa karani kwenye kampuni ya samaki, alinipigia kuuliza kwa nini mnunuzi ameandika kwamba bei ya minofu "has gone south". Alikuwa ametafuta ni mteja gani wa Mbeya au Mtwara. Nikamwambia bei imeshuka. Kwa Kiingereza, hasa cha Marekani, jambo likienda kusini limeharibika. Sisi tunasema limekwenda mrama, na mrama ni ule mlalo wa chombo kinapoyumba ubavu kwa ubavu. Yeye alikulia Ukerewe, nikamwambia hilo la mrama, akacheka, akasema hilo anaweza kumweleza bosi wake.

Mtumbwi uliovunjika ulichukua wiki tano kutengenezwa. Nilichangia mbao. Baba mdogo hakutaka, tukabishana, mama mdogo akaingilia, nikachangia.

Mwezi uliopita ukaja ujumbe mwingine, picha kama ile: "southerly winds in the morning, becoming northerly and strong by afternoon". Safari hii niliweka kijiko chini. Niliandika, nikaisoma kwa sauti, nikafuta, nikaandika tena: "Baba, shikamoo. Asubuhi upepo utatoka kusini, upande wa mjini. Mchana utageuka, utatoka kaskazini, upande wa Ukerewe, na utakuwa mkali." Neno "kuelekea" sikuliweka popote.

Akajibu kwa sauti, injini ikinguruma nyuma yake: "Marahaba mwanangu. Asubuhi tutakaa kaskazini ya mawe, kabla ya saa saba tunazungukia kusini."

Saa kumi na moja jioni akanitumia picha. Ziwa nyuma ya kisiwa limejaa povu jeupe. Mbele, kwenye maji yaliyotulia, mitumbwi minne imepangwa ubavu kwa ubavu, na wa mwisho una mbao mbili mpya ambazo bado hazijapakwa rangi.